Homoni, amiba na mrija ambao sikuuweka

Ba'mdogo alianza kuumwa mwishoni mwa Ramadhani. Zilitangulia homa za jioni, likafuata jasho la usiku lililolowesha shuka hadi godoro, kisha maumivu ubavuni kulia, chini ya mbavu, yaliyopanda mpaka begani. Alimeza dawa za malaria mara mbili, ingawa kipimo hakikuonyesha malaria hata mara moja. Wiki ya tatu hakuweza tena kuvuta pumzi ndefu. Hospitalini daktari alimgonga kwa kidole juu ya ini, ba'mdogo akaruka kitandani, na kijana wa ultrasaundi hakuchukua hata dakika 5 kutuonyesha kilichokuwepo: duara jeusi ndani ya ini, kubwa kuliko chungwa. Sindano ilipoingia ulitoka usaha usio na harufu, wa kahawia iliyokolea, mzito kama uji wa ulezi uliodondoshewa damu.

Jipu la ini la amiba.

Amiba tulimjua wote, au tulidhani tunamjua. Kwetu, upande wa Pangani, "nina amiba" ni maneno ya kila siku kama "nina mafua". Mtu akisokotwa na tumbo huenda duka la dawa, hununua Flagyl, humeza mpaka tumbo litulie, na vidonge vinavyobaki huvifunga kwenye pindo la khanga kwa ajili ya siku nyingine. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mdudu huyohuyo anaweza kutoboa ukuta wa utumbo, akaingia kwenye damu, akafika ini na kuanza kuliyeyusha.

Majirani walikuja na jibu lao: pombe. Mwanamume mwenye ini bovu, walisema, ni mnywaji wa mnazi, wa wazi au wa siri. Neno hilo liliniuma sana. Ba'mdogo ndiye aliyekuwa akiadhini alfajiri, na tembo hajalionja maisha yake yote. Tena aliyewahi kuambiwa "una amiba" katika nyumba ile hakuwa yeye. Alikuwa mama mdogo, mkewe, mwaka uliotangulia, baada ya kupimwa choo kwenye zahanati. Kisima kimoja, mtungi mmoja, kata moja ya kunywea, lakini ini lililooza likawa la mume.

Nilikuwa kidato cha sita, mchepuo wa PCB, na nilijiona najua baiolojia. Nilimuuliza daktari kwa nini yeye na si mkewe. Akanijibu kwamba wagonjwa wa jipu la namna ile karibu wote ni wanaume, kisha akaitwa wodi nyingine.

Jibu lile nilitembea nalo miaka mingi. Alisema kweli: jipu la ini la amiba huwapata wanaume watu wazima hadi mara 10 zaidi ya wanawake, ilhali maambukizi ya utumboni hayabagui sana. Kwa watoto ambao hawajabalehe, tofauti hiyo ya kike na kiume haionekani. Mtu akisikia kwamba kitu huanza baada ya kubalehe, akili yake inakwenda wapi kama si kwenye homoni?

Basi nilichagua maabara. Nilipofika shahada ya pili, swali langu lilikuwa tayari kabla sijapewa fomu ya kuandika mada: je, homoni za mwanamume humsaidia amiba? Nilidhani ni swali moja. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa kwamba ni mawili, na kwamba mrija wa maabara unaweza kujibu moja tu kati yake.

Kwanza nimweleze mdudu mwenyewe. Jina lake kamili ni Entamoeba histolytica. Mnamo 1875, huko St. Petersburg, daktari Fedor Lösch alimkuta kwenye choo cha mkulima aliyekuwa akiharisha damu. Alijaribu kumwambukiza mbwa, na bado hakuamini kwamba amiba ndiye chanzo cha ugonjwa. Alifikiri anauchochea tu uvimbe ambao tayari upo. Robert Koch alimwona Misri mwaka 1883, alipokwenda huko kutafuta kipindupindu. Fritz Schaudinn akampa jina mwaka 1903, na jina lenyewe linataja kazi yake: mwenye kuyeyusha nyama za mwili. Anaingia mwilini akiwa sisti, kifuko kigumu chenye viini 4, kisichozidi sana mikroni 15, ndani ya maji au chakula chenye uchafu wa choo. Utumboni sisti hupasuka na kutoa trofozoiti, ile hali yake ya kutembea na kula. Hula bakteria, na mara nyingi huishia hapo bila mtu kuhisi chochote. Akigeuka, hula watu. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba huzing'ata seli zetu vipande vipande zikiwa bado hai, kama panya anavyomega mkate, mpaka zinakufa.

Kuna jambo moja ambalo lingekuwa mezani mwa kila zahanati laiti ningekuwa na uwezo. Yupo amiba mwingine, Entamoeba dispar, ambaye sisti zake kwenye hadubini hazitofautiani kabisa na za huyu muuaji, na yeye hana madhara. Émile Brumpt alisema hivyo mwaka 1925, wenzake hawakumsikiliza, na hadi mwaka 1993 ndipo spishi hizo mbili zilipotenganishwa rasmi kwa ushahidi wa kibiokemia na jeni. Maana yake kwetu ni kubwa. Yule aliyemwambia mama mdogo "una amiba" alikuwa ameona sisti, na kwa sisti peke yake hakuwa na njia ya kujua ni yupi. Huenda mama mdogo hakuwahi kubeba amiba wa hatari hata siku moja. Ulinganisho wangu wa mume na mke, kisima kimoja na kata moja, ule ulioniingiza kwenye fani hii, haukuwa ushahidi wa kitu. Nililikubali hilo kwa uchungu, na ninalitaja hapa kwa sababu nawaona wanafunzi wakianza kama nilivyoanza mimi, na kisa cha nyumbani mkononi. Anza nacho, mwanangu, ila usikipeleke mbele ya jopo.

Nilipata ufadhili wa miezi 7 katika maabara ya ng'ambo iliyokuwa ikifuga Entamoeba histolytica. Nasema kufuga kwa sababu ndivyo ilivyo. Huyu si bakteria wa kupaka kwenye sahani na kwenda kulala. Kwa miaka mingi watu waliweza kumwotesha pamoja na bakteria tu, na ukimpima dawa hujui kama umemuua yeye au umeua chakula chake. Louis Diamond wa Marekani ndiye aliyefanikiwa mwaka 1961 kumwotesha peke yake, bila kiumbe kingine ndani ya mrija, na mwaka 1978 yeye na wenzake wakatoa mapishi ambayo maabara nyingi hutumia mpaka leo, TYI-S-33. Yana protini iliyomeng'enywa, hamira, sukari, chuma, sisteini ya kupunguza oksijeni, vitamini, na seramu ya ng'ombe. Amiba anayetumika karibu kila mahali anaitwa HM-1:IMSS. Alichukuliwa kwa mgonjwa wa kuhara damu Jijini Meksiko mwaka 1967, na vizazi vyake viko kwenye majokofu ya nitrojeni dunia nzima.

Unajaza mrija wa kioo karibu mpaka mdomoni ili hewa isipate nafasi, unaufunga, unaulaza kwa mteremko kwenye joto la mwili. Amiba hujibandika kwenye ukuta wa kioo. Kila siku ya pili au ya tatu unawahamisha, la sivyo wanakufa kwa msongamano. Ili wabanduke, unautia mrija kwenye barafu dakika kadhaa, unaupindua taratibu mara chache, na unawaona wakishuka kama vumbi la chokaa. Unatoa tone, unachanganya na rangi ya bluu ya tripani, unahesabu kwenye chemba chini ya hadubini. Aliye hai huikataa rangi. Aliyekufa hubaki bluu. Nilihesabu mpaka nikawa nawaona nikifumba macho.

Sasa homoni. Utafiti ulionivuta ulitoka Meksiko, mwaka 2006. Julio César Carrero, Juan Pedro Laclette na wenzao walichapisha kazi iliyopima homoni za steroidi moja kwa moja juu ya amiba ndani ya mirija. Matokeo makuu mawili yalikwenda kinyume. DHEA, homoni inayotengenezwa zaidi na tezi zilizo juu ya figo, ilipunguza ukuaji na uhai wa amiba. Kotisoli, inayotoka kwenye tezi hizohizo, ambayo mwili huimwaga wakati wa dhiki, iliuongeza. Niliposoma nilisimama, nikazunguka chumba. Tezi moja, homoni mbili, na kiumbe cha seli moja kisicho na ubongo wala damu kinazitambua tofauti!

Kwamba vimelea husikiliza homoni za mwenyeji halikuwa wazo geni. Jorge Morales-Montor, mmoja wa waandishi wa kazi ile, alikuwa ameshatumia miaka mingi kwenye tegu wa panya, Taenia crassiceps, ambaye hustawi zaidi kwa panya jike. Na mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakimchunguza Entamoeba invadens, amiba wa wanyama watambaao, walionyesha kwamba adrenalini humsukuma ajifunge kuwa sisti. Huyo wa watambaao hutumika kwa sababu wetu hakubali kirahisi kutengeneza sisti akiwa mrijani. Adrenalini! Homoni ya mshtuko, ile inayokupiga moyo unapokutana na nyoka njiani, mdudu wa utumbo wa mjusi anaielewa kama amri ya kufunga safari.

Nami nikachukua testosteroni, homoni ya kiume, nayo ni steroidi.

Steroidi haziyeyuki kwenye maji. Hutoka kwenye mafuta, mama yao ni kolesteroli, na maji huyakataa mafuta. Unaziyeyusha kwanza kwenye ethanoli, yaani spiriti safi, halafu unadondosha kiasi kidogo kwenye chakula cha amiba. Nilitengeneza myeyusho wangu ukawa mwepesi mno. Kwa hiyo ili kufikia dozi za juu ilinibidi niongeze matone mengi. Niliandaa mirija isiyo na kitu kabisa kwa ajili ya kulinganisha, na mirija ya dozi 5 zinazopanda. Saa 72 baadaye nilihesabu, na mstari nilioupata sijausahau. Kadiri homoni ilivyopanda, amiba walipungua. Hatua kwa hatua, kama ngazi. Testosteroni ilikuwa ikiwaua amiba, kinyume kabisa na nilichotarajia, na nilijiona nimeshika jambo kubwa. Usiku ule nilimpigia simu baba nyumbani. Nilirudia jaribio mara 3, na mara zote 3 ngazi ilitokea.

Profesa aliyenisimamia aliutazama mchoro kwa muda mrefu kabla ya kusema. Kisha akauliza: "Mrija wenye ethanoli peke yake uko wapi?"

Haukuwepo.

Nilijua kanuni. Niliifundishwa mwaka wa kwanza na niliwahi kuijibu kwenye mtihani: mrija wa kulinganisha lazima upate kila kitu ambacho mrija wa jaribio umepata, isipokuwa kile kimoja unachokipima. Mirija yangu mitupu haikupata tone la spiriti. Na kila nilipoongeza homoni, nilikuwa nikiongeza spiriti pia. Niliandaa jaribio upya, safari hii na seti ya tatu: ethanoli tupu, kwa viwango vilevile 5. Ngazi ilitokea ileile. Testosteroni haikuwa imefanya lolote. Aliyekuwa akiwaua amiba wangu wiki 4 zote zile alikuwa spiriti.

Nilikaa kwenye ngazi za nje za jengo lile, baridi ikinipiga, na neno lililonijia lilikuwa la majirani. Pombe. Walilitupa kwa ba'mdogo bila kupima, kwa sababu lilikuwa karibu na lilifaa. Mimi nami nilikuwa nimefanya kama wao, kwa homoni. Jawabu nililolipenda lilikuwa karibu, lilifaa, na sikuweka mrija wa kuliuliza.

Tangu siku ile nikisoma kazi yoyote ya namna hii huanza na kurasa za mbinu, si za matokeo, nikitafuta mrija wa spiriti. Ukiwa na myeyusho mzito wa kutosha, ethanoli yote inayoingia inaweza kushushwa hadi sehemu 1 kwa 1,000, na kila mrija, wenye homoni na usio na homoni, upate kiasi hichohicho. Ni kazi ya asubuhi moja. Mimi ilinigharimu mwezi.

Kulikuwa na shimo la pili, na hili sikulijua kabla. Ile seramu ya ng'ombe ndani ya chakula cha amiba ni damu ya mnyama iliyotolewa seli. Ina homoni za ng'ombe. Mrija wangu niliouita "bila homoni" ulikuwa na steroidi tangu mwanzo, na kwa kiasi nisichokijua. Dawa yake ni mkaa: seramu huchanganywa na unga wa mkaa uliotayarishwa, ambao hunasa steroidi, kisha mkaa huondolewa. Wazee wetu huweka mkaa kwenye mtungi wa maji kuondoa harufu, na msingi ni uleule. Lakini mkaa hauchagui vizuri. Hunasa na vitu vingine vinavyopenda mafuta, na huyu amiba hana uwezo wa kujitengenezea kolesteroli, huipata kwa mwenyeji wake au kwa seramu unayompa. Amiba wangu wa seramu ya mkaa walikua kwa kusuasua, ikabidi niwape vizazi kadhaa wazoee kabla ya kupima chochote.

Na shimo la tatu ni dozi. Mwanamume mzima mwenye afya ana testosteroni kwenye damu yake kati ya nanomola 10 na 30 hivi kwa lita. Mwanamke ana chini sana ya hapo. Kwenye mirija ni rahisi mno kupanda mpaka mikromola 10 au 30, yaani mara 1,000 ya kiwango hicho, na hata zaidi, kwa sababu hapo ndipo mambo huanza kuonekana. Ukimpa kiumbe chochote mafuta mengi kiasi hicho, utando wa seli yake unaweza kuyumba tu kwa kujaa, bila ya kusikia ujumbe wowote wa homoni. Sisemi kazi za dozi kubwa hazina maana. Zina maana kubwa kwa anayetafuta dawa. Lakini anayeuliza kwa nini ba'mdogo aliumwa na mama mdogo hakuumwa lazima ashuke mpaka kwenye kiwango kilichokuwa ndani ya damu ya ba'mdogo.

Nilishuka. Seramu ya mkaa, ethanoli sawa kwa wote, testosteroni ya kiwango cha mwili wa mwanamume. Nilihesabu siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakuna tofauti. Nikarudia. Hakuna. Nililia, sioni aibu kulisema. Profesa akaniambia niandike hivyohivyo, kwamba hakuna, na kwamba ukurasa huo ndio wa kwanza katika daftari langu anaouamini.

Ilinichukua majuma kuona kwamba "hakuna" ile ilikuwa imenifungulia mlango. Kama homoni haimgusi amiba, basi huenda inamgusa mwenye mwili. Hilo ndilo swali la pili, ambalo mrija hauwezi kulijibu kwa sababu mrija hauna ini, hauna askari wa damu, hauna uume wala uke. Wajerumani walikuwa wameshaliuliza. Katika Taasisi ya Bernhard Nocht, Hamburg, Hannelore Lotter, Egbert Tannich na wenzao waliwapandikiza panya amiba moja kwa moja kwenye ini. Mwaka 2006 walichapisha kwamba panya dume hupata majipu makubwa zaidi na hukaa nayo, ilhali majike huyamaliza mapema. Mwaka 2013 wakaja na testosteroni yenyewe. Dume aliyehasiwa, jipu lake hupungua. Jike aliyepewa testosteroni, lake huongezeka. Na njia waliyoifuata iliwapeleka kwenye kundi la seli za kinga ziitwazo NKT, ambazo kazi yake mojawapo ni kutoa intaferoni-gama, ile inayowaamsha askari wengine wa mwili. Testosteroni huzipunguza sauti. Amiba hapati nguvu mpya. Adui zake ndio wanaochelewa kuamka.

Mtu akiniuliza leo "homoni ina athari gani kwa amiba?" namuuliza kwanza: amiba yupi, na yuko wapi? Ndani ya kioo, anakutana na homoni uso kwa uso. Ndani ya ini anakutana na mwili mzima ambao homoni imeshaupanga kabla yeye hajafika. Kazi ya Meksiko na kazi ya Hamburg hazigombani.

Jambo moja linanitia hofu. DHEA huuzwa mtandaoni kama kirutubisho, na nimeshaulizwa na binamu yangu, aliyesoma kichwa cha habari mahali fulani, kama aagize kwa ajili ya "amiba sugu". Nilimjibu hapana kwa herufi kubwa. Kitu kuua amiba mrijani ni hatua ya kwanza tu ya safari ndefu. Jiki huwaua. Spiriti, nina ushahidi wa wiki 4, huwaua. Metronidazoli, ndiyo ile Flagyl, haikuingia wodini kwa sababu ilifanya vizuri kwenye kioo; iliingia kwa sababu watu kama Powell na wenzake wa Durban, mwaka 1966, waliwapa wagonjwa wa kuhara damu na wa majipu ya ini, wakawafuatilia, wakaona wanapona. Ndiyo iliyomponya ba'mdogo. Baada yake mgonjwa anahitaji dawa ya pili inayobaki utumboni, kama paromomisini au diloksanaidi, ili kumaliza sisti zilizobaki, na hii ndiyo inayosahaulika kila mara. Ningependa binamu yangu aulizie hiyo.

Ila upande wa kotisoli, hapo kioo na wodi vinakaribiana kwa namna ya kutisha. Dawa za jamii ya kotisoli, prednisoloni na deksamethasoni, ziko kila hospitali, na zinaokoa watu wenye pumu na maradhi mengi. Lakini kuna ugonjwa wa utumbo mpana, kolaitisi ya vidonda, ambao unafanana sana na kuhara damu kwa amiba, na tiba yake mojawapo ni hizo steroidi. Mgonjwa wa amiba akidhaniwa ana kolaitisi na kupewa prednisoloni, utumbo unaweza kutoboka ndani ya siku chache, na wengi wa waliofikia hapo hawakurudi. Vitabu vinalieleza hilo kwa kinga iliyolazwa, na ni kweli. Mimi nikikumbuka kwamba hata ndani ya mrija, pasipo kinga yoyote ya kulazwa, kotisoli iliwaongeza, nywele zinanisimama.

Ba'mdogo bado yuko hai. Haadhini tena, sauti imemchoka, lakini anakwenda shamba. Nilipomaliza shahada nilimwendea nikamweleza yote, kwenye mkeka, chini ya mwembe, kuanzia spiriti mpaka panya wa Hamburg. Alinisikiliza akichambua mkonge wa kusokotea kamba. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, wale waliosema mnazi?" Nikamwambia, "Hawakupima, baba." Akatikisa kichwa, akaendelea na kamba yake. Mama mdogo ndiye aliyeuliza swali gumu zaidi: kama ni kinga ya mwanamke, mbona wajawazito huugua vibaya? Ni kweli, mimba ni moja ya hali zinazoufanya ugonjwa wa amiba kuwa mkali, na mimba ni bahari ya homoni. Nilimwambia kwamba hilo nalo liko kwenye orodha yangu, na haikuwa maneno ya kumridhisha.

Sasa nafanya kazi maabara ya hospitali, si ya utafiti. Wiki iliyopita ilikuja fomu ya mwanamke wa miaka 31, kuhara damu siku 9, na kwa chini, kwa mwandiko wa haraka, "aanzishiwe prednisoloni leo jioni". Nilishuka wodini mwenyewe kuichukua sampuli, kwa sababu trofozoiti hazisubiri. Nusu saa ikipita zimepoa, hazitembei, na unaweza kuziita seli za usaha. Nilirudi nayo ikiwa bado ya moto. Tone la maji ya chumvi, kipande cha kamasi chenye damu, kioo juu yake. Alikuwepo. Alinyoosha mguu wake mwangavu kuelekea kushoto, akasita, mwili mzima ukamiminika kuufuata, na tumboni mwake mlikuwa na chembe nyekundu za damu, nilizihesabu 4.

Nilichukua simu ya ukutani nikaomba niunganishwe na daktari wa zamu, prednisoloni isitolewe.